Fundi wa Vioo na Dirisha la Boito

Nilimwonea wivu Fundi wa Vioo kwa muda wote niliomfahamu, na ni vizuri niliseme hilo mwanzoni ili msomaji ajue ni macho ya nani yanayomtazama. Mimi nilikuwa mwalimu wa ujenzi katika chuo kidogo cha ufundi karibu na Kimulot. Nilikuwa na vyeti vitatu, na vyote nilivitundika ukutani nyuma ya kiti changu. Yeye hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa na kibanda cha mabati pale sokoni, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, na baiskeli nyeusi. Lakini dirisha likipasuka popote kuanzia ukingo wa msitu wa Mau hadi Ndanai, hakuna aliyekuja kunitafuta mimi.

Ile baiskeli sikuwahi kumwona akiipanda. Alikifunga kioo juu yake kikiwa kimesimama, akakizungushia blanketi, kisha akatembea kando yake mkono mmoja ukiwa juu ya blanketi, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitalini. Njia nzima alikuwa anaongea. Mwanzoni nilidhani anajisemea mwenyewe. Siku moja nikampita karibu, nikasikia: "Hapa kuna shimo, tulia. Haya, limepita."

Alizungumza na kioo kuliko alivyozungumza na wateja.

Akifika kwenye nyumba, hakuuliza kwanza nani amevunja. Alianza kwa kugusa. Alipitisha kidole gumba pembeni mwa kioo polepole, halafu akakigonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha kichwa asikilize. Hakutumia futi. Alipima kwa kamba ya katani yenye mafundo, na mimi niliwahi kuicheka kamba hiyo mbele ya wanafunzi wangu. "Huyu anapima dirisha kama anayepima ng'ombe," nikasema. Darasa zima likaangua kicheko. Jioni hiyohiyo, nikitoka chuoni, niliwakuta watatu kati yao kwenye kibanda chake wakimuuliza maswali. Hawakuniona. Niligeuka nikapita njia ya nyuma.

Kilichoniuma ni kwamba aliyoyasema kuhusu vioo yalikuwa yaleyale niliyoyafundisha, ila kwake yaliingia.

Nesi mmoja alikuwa na dirisha la chumbani ambalo lilipata ufa kila mwaka mahali palepale. Alishawagombeza watoto wa majirani wote. Fundi akaenda, akakuta pazia zito limefunika upande mmoja, na upande wa pili, chini ya dirisha, ndipo jiko la makaa lilipowekwa jioni ili chumba kipate joto.

"Mama," akamwambia, "hii kioo nusu iko Kericho na nusu iko Kisumu. Itakosaje kugombana?"

Nesi alicheka hadi akakaa kitandani. Mimi jambo hilo, la sehemu moja ya kioo kutanuka kwa joto wakati nyingine imejikunja kwa baridi, nililifundisha saa nzima ubaoni, kwa michoro ya rangi mbili, na hakuna aliyetabasamu.

Mzee mwingine alikuja sokoni akifoka kwamba kuna mtu amevunja dirisha lake akiwa kanisani, na ndani hakukuta jiwe. Fundi alimsikiliza hadi akamaliza.

"Ile mvua ya mawe ya mwezi jana ilipiga upande gani wa nyumba?"

"Upande huohuo."

"Basi, mzee, ilivunjika siku hiyo. Leo imekubali tu."

Alipenda kusema kwamba kioo hakina hasira, kina kumbukumbu. Alikuwa na maana kwamba kioo kikiumizwa kidogo leo, kwa punje ya mvua ya mawe au kwa kokoto iliyorushwa na panga la mfyeka nyasi, kinaweza kukaa hivyo siku nyingi, halafu kikaachia wakati nyumba imetulia na hakuna mtu karibu. Ndiyo maana alikuwa mkali kwa watu waliokimbilia kumshuku jirani. Na ukali wake haukuwa na adabu nyingi. Fundi wa kuchomelea aliyempelekea fremu iliyobana aliambiwa airudishe: "Mimi siweki kioo jela." Kazi nyingi alizikataa namna hiyo, na watu wakazidi kumheshimu. Mimi sikuwahi kukataa kazi, na sijui nani aliniheshimu kwa hilo.

Nyumbani kwake, dirisha la mbele lilikuwa limezibwa kwa katoni ya mafuta ya kupikia. Nilipoliona mara ya kwanza nilifurahi wiki nzima.

Sasa nieleze kuhusu kioo kigumu, kwa sababu bila hicho hadithi yangu naye haieleweki. Si jambo gumu, tulifuate hatua kwa hatua. Kioo cha kawaida unakinunua, unakikata, unakiweka. Kioo kigumu hukatwa kwanza kwa kipimo chako, kisha huingizwa kwenye moto mkali kiwandani na kupozwa ghafla kwa upepo. Ngozi yake ya nje hupoa na kukaza mapema. Tumbo lake la ndani hupoa baadaye na kutaka kujikunja, lakini ngozi imeshakaza. Kuanzia hapo ndani kunavuta na nje kunabana, kama watu wa timu mbili wanaovuta kamba na hakuna anayeshinda. Kwa sababu ya mvutano huo, ukikipiga ngumi katikati hakisikii. Lakini ukikijeruhi pembeni, mahali kamba ilipofungwa, timu zote zinaanguka pamoja. Kioo chote hugeuka chembe ndogo kama punje za mahindi, kwa mara moja, na kwa mshindo. Ndiyo maana hakikatwi wala hakisuguliwi kikishatoka kwenye moto. Niliwafundisha hivyo wanafunzi wangu, kila mwaka.

Miaka hiyo ya tisini, katika vijiji vyetu, kioo kigumu tulikijua kwenye magari tu. Wa kwanza kukitaka kwenye nyumba alikuwa Mama Chebet wa Boito, mjane aliyejenga nyumba ya mawe katikati ya chai yake. Alitaka dirisha moja la sebuleni, refu kuliko mtu, ili akiwa amekaa aone lori la majani likipanda kutoka bondeni. Alikuwa ameshazungumza na Fundi. Niliposikia, nilivaa koti nikaenda.

"Mama," nikamwambia, "yule ni fundi mzuri wa vidirisha. Lakini hii ni kioo ya hesabu. Utampa mtu anayepima na kamba?"

Nikapata kazi. Sikumsengenya kwa uongo, nilijiambia. Kamba ilikuwepo kweli.

Nilipima fremu ya chuma kabla haijamaliziwa kuchomelewa, na hapo ndipo kosa lilipoanza, kwa sababu joto la kuchomelea huvuta chuma. Kioo kilipofika kutoka Nairobi, kilikaa vizuri pande zote isipokuwa pembe ya chini kushoto. Kilibana kwa unene wa ukucha. Maombi ya kuifungua nyumba yalikuwa kesho yake, wageni walishaalikwa, na Fundi alikuwa mmoja wao. Dawa ilikuwa kuing'oa fremu ukutani na kuipanua. Ingenichukua siku tatu, mbele ya watu wote, na mbele yake.

Nilichukua tupa, ile ya kusugulia chuma. Nikaisugua ile pembe ya kioo kidogo, kidogo tu, hadi kioo kikaingia. Hata raba ya kukikalisha chini sikuweka, kwa sababu nafasi haikuwepo. Kioo kikakaa juu ya chuma kitupu.

Kesho yake Fundi alisimama mbele ya dirisha lile muda mrefu, akageuka, akanishika mkono. "Hongera, mwalimu. Mimi sijawahi kuweka kubwa hivi." Alisema kwa moyo mweupe, na hata hilo nilimwonea wivu, kwamba yeye aliweza kusifu.

Miezi ikapita. Mchana mmoja wa Januari, jua kali baada ya usiku wa baridi, Mama Kiprono alikuwa anapita na kikapu cha majani mgongoni kuelekea kituo cha kununulia chai. Yeye ni mke wa ndugu mdogo wa marehemu mume wa Mama Chebet, na nyumba yao ya udongo iko ng'ambo ya ua tu. Alimwona Mama Chebet mlangoni, akapaza sauti:

"We Mama Chebet! Hii dirisha ni kubwa! Hata ng'ombe akikohoa huko Mau si utamwona?"

Wakacheka wote wawili, akaenda zake. Haikupita nusu saa, dirisha likalipuka na kumwagika sakafuni kama gunia lililopasuka.

Kwetu, mtu akisifu kitu kizuri cha mwenzake, mtoto mnono, ndama au nyumba mpya, hutema mate kidogo pembeni, mate ya baraka, ili sifa yake isidhuru. Mama Kiprono hakutema. Alikuwa ameshika kamba ya kikapu kwa mikono miwili na anacheka. Lakini mama mkwe wao alikuwa amekaa jikoni na alisikia kila neno. Kufikia jioni Boito nzima ilijua: sifa bila mate, kutoka kwa mwenye nyumba ya udongo kwa mwenye nyumba ya mawe. Mama Kiprono ana jicho baya. Kesho yake kikundi cha wanawake wanaochumiana chai kwa zamu kilipita mlangoni kwake bila kumwita. Wazee wakaambiwa waje, aapishwe au ahame na watoto wake.

Mume wake alikimbia kwa miguu hadi Kimulot kumleta Fundi. Mimi niliitwa na Mama Chebet, kwa kuwa dirisha lilikuwa langu, nami nikafika kwanza. Kipande kikubwa kilikuwa bado kimening'inia kwenye fremu, chembe zikiwa zimeshikana. Nikachuchumaa. Mistari yote ya mpasuko ilitawanyika kutoka pembe ya chini kushoto, kama vidole kutoka kwenye kiganja. Sikuhitaji cheti kuisoma.

Fundi akafika, akasalimia wazee, "Chamgei," akapiga magoti. Alichota chembe, akazisugua kwa vidole, akapapasa fremu juu na chini. Mama Kiprono alikuwa amesimama peke yake kando ya ua, mtoto mgongoni. Nilingoja Fundi aseme. Badala yake akainua uso.

"Mwalimu, njoo. Wewe unaona nini?"

Niliwaeleza. Niliwaambia joto na baridi vinaweza kukivunja kioo, na fremu ikibana inaweza, na jeraha la pembeni linaweza. Yote kweli. Kisha nikawaambia sababu ya nne, ambayo nayo ni kweli, ila si ya dirisha lile: kwamba mara chache sana kijiwe kidogo kuliko mbegu ya wimbi hubaki ndani ya kioo kiwandani, na kwa kuwa kilipozwa haraka hakikupata nafasi ya kutulia, kikaendelea kujibadilisha na kuvimba polepole kwa miezi au miaka, mpaka siku moja kikakisukuma kioo kutoka ndani.

"Hapa ni hiyo," nikasema. "Ni kijiwe cha kiwandani. Si mtu."

"Kijiwe kinavimba?" mzee mmoja akauliza. "Kama maharagwe kwa maji?"

"Kama maharagwe, mzee. Lakini polepole."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Mzee akawageukia wenzake: "Wacha ikae hivyo. Mwalimu amesoma." Hakuna aliyeapishwa, hakuna aliyehama. Watu walinishika mkono mmoja mmoja, na Fundi akiwa pale anatazama. Nilishiba. Kioo cha pili nilipewa mimi nikiweke. Safari hii nilipanua fremu, nikaweka raba chini na nafasi pande zote, kama inavyotakiwa. Hakijavunjika.

Baada ya hapo mimi na Fundi tulikutana mara chache. Nilisikia amepunguza kazi, nikadhani amekuwa tajiri. Hilo nalo nililionea wivu.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka hiyo ya tisini niliposhuka sokoni kununua misumari nikamkuta amekaa nje ya kibanda kilichofungwa, uso kwenye jua. Nilimsalimia. Akageuza sikio.

"Ni nani? Ongea tena."

"Ni mimi, fundi. Mwalimu."

"Ah! Mwalimu! Kaa, kaa hapa. Siku hizi mimi nasikia soko, siioni."

Nikamuuliza macho yalianza lini. Akacheka.

"Zamani. Unafikiri kamba ilikuwa ya nini? Namba za futi zilinitoroka kitambo. Lakini nani atampa kioo fundi haoni? Nikanyamaza." Akanipapasa goti. "Hata ile siku ya Boito. Mimi pale chini niliona ukungu tu. Nikasema, huyu mama ataapishwa kwa sababu ya macho yangu. Nikakuita. Ukaangalia mara moja, ukajua. Nitakuficha nini? Nilikuonea wivu, mwalimu. Kabisa."

Yeye aliendelea, na sauti yake ikashuka.

"Lakini kuna maneno, na nilitaka unisaidie. Wanawake wakipita hapa nawasikia. Wanasema, sawa, kijiwe kilikuwa ndani. Lakini kililala. Ni nani alikiamsha? Wanasema jicho ndiyo ilikiamsha. Mama Kiprono mpaka leo anachuma peke yake. Kwa Mama Chebet haingii. Mimi nimewaambia, mwalimu aliona, hakuna jicho. Hawasikii. Uende uwaeleze tena, kwa ile njia yako nzuri."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimepita Boito mara nyingi nikatazama dirisha langu. Sikuwahi kuuliza kuhusu yule mama.

"Fundi," nikasema, "haikuwa kijiwe. Ilikuwa pembe ya chini. Kioo kilibana, nikakipiga tupa."

Mama muuza viazi alipita akamsalimia, hakuitikia.

"Tupa."

"Ndiyo."

"Kioo imetoka kwa moto, wewe ukaipiga tupa."

"Ndiyo, fundi."

"Na chini, raba uliweka?"

"Hapana."

"Ukaikalisha kwa chuma." Alipumua kama mtu aliyebeba mzigo. "Na mimi nimewaapia watu na jina lako. Kwa hii mdomo. Mimi sijawahi kumwambia mtu uongo juu ya kioo, mwalimu. Hata mara moja." Nilingoja anitukane. Alisimama akanyoosha mkono hewani. "Nishike. Boito ni mbali, na jua linaenda."

Tulitembea njia nzima nimemshika mkono. Nilimtajia mashimo, nikamwambia hapa kuna daraja, hapa utelezi.

Mama Chebet alitupokea sebuleni. Nilisimama, nikamweleza yote: fremu, tupa, wageni wa kesho yake, na mistari niliyoiona. Nilieleza taratibu kama darasani, kwa sababu sikujua njia nyingine.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Na jicho?"

"Hakuna jicho. Hata angetema mate debe nzima, ile kioo ingevunjika. Hakukuwa na kitu cha kuamshwa."

Mama Chebet akatoka hadi kwenye ua, tukamsikia akiita kwa sauti iliyokatika katikati: "Mama Kiprono! Weka hiyo kikapu chini, uje huku. Uje ndani."

Mama Kiprono aliingia akijipangusa mikono kwenye leso, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Alisimama mlangoni kama mgeni. Mama Chebet akamshika bega akamkalisha kwenye kiti kinachotazama dirisha, akasema maneno ya Kipsigis ambayo sitayaandika, kwa kuwa yalikuwa yao. Mama Kiprono alilia kidogo, halafu akatazama nje, akasema, "Kumbe mpaka kwetu panaonekana."

Mama Chebet alileta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Alimmiminia Mama Kiprono kwanza, kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akammiminia Fundi, akamwekea kikombe kiganjani na kumfunga vidole juu yake asikiangushe. "Kongoi, fundi," akamshukuru. Kisha akaziba kibuyu.

Mama Kiprono alivuta kiti chake karibu na Fundi, akaanza kumuuliza habari za macho, kama yanauma, kama kuna mtu wa kumpikia. Akamwambia atamtuma binti yake kila Jumamosi. Fundi alicheka, maziwa yakiwa kwenye masharubu, akasema jambo lililowachekesha wote wawili. Nilikaa na mikono yangu mitupu magotini nikiwatazama, na wivu ukanishika tena, ule ule, ila safari hii sikuutafutia sababu.